Teknolojia ya kamera ghali hufikaje kwenye kamera nafuu?

Oktoba 2021, Nikon ilizindua Z9, kamera ya wapigapicha wa habari na michezo, kwa karibu dola 5,500 za Marekani. Novemba 2024 ikaja Z50II, ambayo wakati huo haikufika dola 1,000 bila lenzi, ikiwa na chipu ya kuchakata picha ya kizazi kilekile: EXPEED 7. Kwa nini kampuni iuze kwa bei ya chini kilichokuwa fahari yake?

Jibu liko kwenye gharama. Chipu na programu ya kutambua jicho la mtu, ndege au gari zikishabuniwa, kuziweka kwenye kamera nyingine si ghali sana. Zikiuzwa nyingi, fedha za utafiti hurudi upesi.

Kisichoshuka haraka ni kihisi cha mwanga. Cha Z9 kimeundwa kwa tabaka na husoma picha kwa kasi kubwa. Cha Z50II ni kidogo na cha polepole, hivyo ukitumia shata ya kielektroniki, kitu kinachokimbia kinaweza kuonekana kimepinda.

Kwa hiyo tukiambiwa kamera nafuu ina ubongo wa kamera kubwa, kabla ya kutoa fedha tuulize: na jicho je?