«Na familia» si jina la mtoto

KALEMIE – Kwenye ufuko mmoja wa Kalemie, watu wanalala ndani ya boti za mbao wakingoja safari ya Baraka. Si kulala usiku mmoja tu. Boti haiondoki mpaka ijae, na familia moja ya watu saba sasa iko siku ya tano ndani ya boti iliyofungwa kamba. Walifika Kalemie kwa maji mwanzoni mwa mwaka 2025, wakati watu wengi wa upande wa Uvira walipoikimbia vita baada ya Bukavu kuanguka. Sasa wanataka kufika kwa ndugu zao Baraka, karibu kilomita 200 kwa ziwa.

Nyumba ya kupanga wameirudisha. Nauli wamelipa. Mama hataki kushuka, anaogopa nafasi yake itapewa magunia. Basi anapika ugali na ndagala pembeni mwa boti, kwenye mbabula ileile aliyotoka nayo kwake, na bidoni za petroli haziko mbali (hilo nalo ni jambo la kukemewa). Usiku watoto watano wanalala chini ya shitingi, katikati ya magunia ya mahindi. Mdogo bado ananyonya.

Karani wa boti amekwisha kuwaandika. Kwenye daftari lake kuna jina la baba, na mbele yake maneno mawili: «na familia». Magunia yao yamehesabiwa moja moja, kwa sababu kila gunia linalipiwa. Mtoto anayebebwa mapajani halipi, basi hahesabiwi.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la zamani. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, Goma, watu wakiona kwa macho yao toka nchi kavu. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, ndiyo maana watu walijazana majini. Siku zile hesabu ya abiria ilikuwa ikibadilika kila aliyeongea. Na hapa kwenye Tanganyika hawajasahau Mutambala, iliyozama Desemba 2014 na kuua watu zaidi ya 100. Boti ikizama, watafutaji wanaulizwa wangapi bado. Daftari linalosema «na familia» litawajibu nini? Baba akifa pamoja na wake, ni nani atakayejua kwamba walikuwa watoto watano, si watatu?

Wenye boti wana maneno yao. Wanasema jile za kuokoa maisha ni bei kali, na kodi bandarini ni nyingi. Kodi ni nyingi kweli, hakuna msafiri wa ziwa hili atakayebisha. Wanasema pia kwamba siku ya kuondoka kuna fujo, hakuna nafasi ya kuandika kila mtu. Hilo halikubaliki. Watu hawa wamekaa botini siku tano! Karani anapita mbele yao asubuhi na jioni. Majina saba na miaka ya kila mmoja yanaandikwa kwa dakika tano, na karatasi ya pili inaachwa nchi kavu, maana daftari likizama na boti halina faida.

Siku hizo za kungoja zingetosha pia kwa mengine. Jile ya mtu mzima inamtoka mtoto kichwani akiingia majini. Yake ni ndogo, yenye mkanda unaopita kati ya miguu. Kama haipatikani, bidoni tupu ya lita 5, iliyofungwa vizuri na kukazwa kifuani, ni afadhali kuliko mikono mitupu, ingawa haiwezi kumgeuza uso juu. Watoto wasilale chini ya shitingi boti ikitembea, kwani ikipinduka hawatapata pa kutokea. Magunia yawe chini, watu wasikae juu ya mlima wa mizigo. Na kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi hauchezi: ukienda Baraka unakuja nyuma yako, unaonekana rafiki, lakini mawimbi yake yanaweza kuigeuza boti iliyolemewa ikae ubavu.

Wakubwa wa bandari wangeweza kuamua jambo moja bila kungoja pesa za Kinshasa: boti isiyo na majina ya watoto wote isifunguliwe kamba. Wazazi nao wasinyamaze kwa kuogopa kwamba mtoto akiandikwa atalipishwa. Aandikwe bure.

Boti ile bado inangoja magunia. Kapita anasema labda keshokutwa. Mama yuko palepale kando ya mbabula, na akiulizwa anataja majina yote matano bila kusita, toka mkubwa hadi anayenyonya.