Nilisaini kwa Dakika Kumi

Leo safu hii haitazungumzia wivu wala mawifi. Itazungumzia benki. Tafadhali usifunue ukurasa! Tangu mwaka 2017 nimeishi na mkopo wa nyumba, na nimegundua kwamba benki ni mke mwenza. Mshahara ukiingia yeye ndiye wa kwanza kupewa chake, hana mwezi wa kusamehe, na siri za mume wako anazo nyingi kuliko wewe. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Nianze mwanzo. Tulipooana tulipanga Sinza, vyumba viwili, na baba mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kila ikifika Juni na Desemba tunaanza kukopa kwa marafiki. Wazazi wetu walijenga kwa mtindo ule unaoujua: kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho, tofali mia mbili ukipata bonasi, na unahamia nyumba haina dari. Siyo kwamba walipenda. Benki ya Nyumba Tanzania, ile THB, ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo ilikuwa vigumu mno kupata benki ya kukukopesha fedha za nyumba za kulipa kwa miaka kumi au kumi na tano. Mambo yalianza kubadilika baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kutukopesha sisi. Leo wakopeshaji wa nyumba wameongezeka. Lakini mikopo yenyewe bado inahesabika kwa maelfu tu, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 61. Kwa hiyo ukiingia benki kuomba mkopo wa nyumba, usishangae hata wafanyakazi wenyewe wakikuangalia kama umeomba kununua treni.

Basi bwana, 2017 tukapata nyumba Goba. Vyumba vitatu, mwembe uani, hati ipo. Bei milioni 100. Akiba yetu ilikuwa milioni 20, kwa hiyo tulihitaji milioni 80. Mshahara wa mume wangu ulikuwa unapitia benki moja (jina nitaliacha, maana bado napita mbele ya jengo lao kila siku), tukaona twende huko huko wanakomjua.

Wanakomjua? Ah wapi! Miezi mitano. Karatasi za mshahara za miezi mitatu tulipeleka mara tatu, kwa sababu kila faili likikaa mezani kwa mtu, zile karatasi zinazeeka. Mthamini tulimlipa, halafu tukaambiwa hayumo kwenye orodha ya benki, tumlipe mwingine. Afisa aliyeshika faili letu akahamishiwa mkoani, na aliyempokea akatuuliza swali ambalo hadi leo tukilikumbuka tunacheka: "Kwani nyie mnataka mkopo wa nini?" Mwenye nyumba naye kila Jumapili anapiga simu, kuna mteja mwenye fedha taslimu, anasubiri mpaka lini? Usiku mume wangu halali, mimi silali, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba halali.

Kwa hiyo siku tuliyoitwa kusaini, sikuwa mtu wa kusoma karatasi. Nilikuwa mtu wa kutaka funguo. Mkopo ulikuwa kwa jina la mume wangu, hati kwa jina la mume wangu, mimi niliitwa kutoa ridhaa ya mke. Hii ni sheria, siyo hisani ya benki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaidai ridhaa hiyo. Maana yake wabunge walikaa Dodoma na Dar wakafikiria kuhusu mimi na wewe. Nami nikafanya nini na ulinzi huo? Wakili akafunua ukurasa wa mwisho, akaonyesha kwa kidole, "Hapa, dada, na hapa." Picha mbili za pasipoti. Dakika kumi, pamoja na kutafuta kalamu. Nina shahada ya mawasiliano jamani, kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu wengine na kuyatoa makosa!

Miaka ikaenda. Rejesho lilikuwa kama shilingi 1,346,000 kwa mwezi, riba asilimia 19, miaka 15. Tulibana, tukalipa, hatukuwahi kuruka hata mwezi mmoja. Mwanzoni mwa 2023 benki nyingine ikaja ofisini kwetu na vipeperushi: mikopo ya nyumba kwa asilimia 15, na ukiwa na mkopo kwingine tunaununua. Nikarudi nyumbani nikachukua kikokotoo. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nikapiga hesabu ya ndoa yetu na yule mke mwenza.

Tafadhali kaa chini kabla hujasoma hii. Katika rejesho la mwezi wa kwanza, shilingi 1,266,000 na kitu zilikuwa riba. Zilizopunguza deni lenyewe zilikuwa kama elfu 80 tu. Mwezi wa pili hali ni ile ile, inapungua kidogo sana. Baada ya miaka sita tulikuwa tumelipa karibu milioni 97, na deni la milioni 80 lilikuwa limebaki milioni 69 na ushee. Hakuna aliyetuibia, hesabu za mkopo mrefu ndivyo zilivyo, miaka ya mwanzo unalisha riba. Lakini nilikaa na ile namba jikoni mpaka wali ukaungua.

Kwa asilimia 15, kwa miaka tisa iliyobaki, rejesho lingeshuka hadi kama 1,175,000. Karibu laki na sabini kila mwezi. Ada ya shule ya mtoto ilikuwa imekaa humo. Mume wangu alipoona hesabu alinyamaza muda mrefu, akasema, "Sawa, lakini tusiharakishe." Nikadhani ni uvivu wa foleni. Wanaume na foleni unawajua.

Ili benki mpya inunue deni, inahitaji barua ya salio kutoka benki ya zamani. Barua hiyo ina uhai wa siku 30. Kuitoa walichukua siku 22. Kamati ya mikopo ya benki mpya inakaa mara moja kwa mwezi. Unaona inapokwenda? Barua ya kwanza ilikufa kabla kamati haijakaa. Ya pili ikaja na tarehe imekosewa. Kulipa deni kabla ya muda nako kuna faini, asilimia 2 ya salio, yaani zaidi ya milioni moja na laki tatu, na nilipouliza kwa nini nitozwe faini kwa kulipa deni, yule kijana wa kaunta akaniambia kwa upole, "Dada, ipo kwenye mkataba mliosaini." Mliosaini. Nilitamani kumpiga na mkoba.

Barua ya tatu niliifuata mwenyewe. Mume wangu alikuwa safarini Dodoma, aliandika barua ya kunipa idhini. Nikaifungua ndani ya daladala, nimesimama. Mstari wa kwanza, mkopo wa nyumba. Mstari wa pili, mkopo wa mshahara, umetolewa 2020, salio milioni 4 na laki 2. Chini yake sentensi moja: hati itaachiwa baada ya madeni yote kulipwa.

Nilishuka kituo siyo changu, nikarudi benki kwa miguu. Mkopo gani huu? Na unahusiana nini na nyumba yangu? Kijana wa kaunta akafungua faili, akageuza mkataba wa rehani upande wangu. Ukurasa wa saba. Rehani hii inasimama kwa deni la nyumba na kwa deni jingine lolote ambalo mkopaji atadaiwa na benki, la sasa au la baadaye. Na nyuma kabisa, sahihi yangu. Nzuri, yenye mkia.

Msomaji wangu, nimekuwa nikiwajibu watu kwenye safu hii wanaoniandikia kwamba wamekuta ujumbe wa mapenzi kwenye simu ya mwenza. Nawashauri watulie, waulize, wasikilize. Mimi sikutulia. Nilimpigia Dodoma yuko kikaoni, nikamwambia maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa. Kichwani nilishamjengea kimada, nikampangia nyumba Mbezi na kumnunulia kochi.

Alirudi siku iliyofuata na basi la alfajiri. Hakukuwa na kimada. Mwaka 2020 mdogo wake alifiwa na biashara, wenye mzigo walikuwa wanataka kumpeleka polisi, mama mkwe akapiga simu analia. Mume wangu akakopa milioni 12 kwenye mshahara wake, akalipa. "Ulikuwa na mimba ya miezi saba," akaniambia. "Na ulikuwa unahesabu mpaka bei ya nyanya. Ningekuambiaje?" Hata yeye hakujua kwamba mkopo ule umeikalia nyumba. Alipojaza fomu hakuna aliyemwambia, na ule ukurasa wa saba na yeye hakuusoma.

Nikamuuliza kile kilichokuwa kinaniuma hasa. Siyo milioni 12. Ukikosa kazi katikati ya miaka ile, wakija kubandika tangazo la mnada kwenye mwembe wetu, mimi ningejua lini? Hakujibu. Nami nikakumbuka kwamba kwa miaka sita sikuwahi kumuuliza salio. Rejesho lilikuwa "mambo yake ya benki", mimi nina mambo yangu ya soko na shule. Tulilala chumba kimoja kama wapangaji wawili kwa wiki nzima.

Ile milioni 4 na laki 2 tuliimaliza kwa fedha ya kikoba changu na pikipiki yake, aliiuza. Naiandika kwa haraka hivyo, lakini ilichukua miezi mitatu, na barua ya salio ya nne, na mthamini mpya, na upekuzi mpya wa hati. Benki mpya ilikubali, kwa sharti letu moja ambalo nililibeba mimi: mikopaji tuwe wawili, na ombi la kuongeza jina langu kwenye hati liende pamoja na rehani mpya. Afisa aliguna kwamba hilo litachelewesha. Mume wangu ndiye aliyemjibu, "Lichelewe."

Septemba 2023 tukaitwa kusaini. Wakili tofauti, kidole kile kile: "Hapa, dada, na hapa." Nikamwambia kaka, samahani, naomba nirudi ukurasa wa kwanza. Akaangalia saa. Mume wangu akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kifungu kwa kifungu, nami na penseli yangu ya uhariri napigia mstari. Kifungu cha madeni mengine kilikuwepo humo humo, tukauliza, wakapiga simu makao makuu, tukasubiri, kikaandikwa upya kwamba rehani ni kwa mkopo huu wa nyumba peke yake.

Saa kumi jioni mlinzi akaja kufunga mlango. Tulikuwa ukurasa wa 19.