Magurudumu Manne Hayamwondolei Dereva Haki ya Kusimama



Masika ndiyo yanayotupima sisi tunaoendesha magari ya kazi, na sisi tunaopandishwa nyuma ya magari hayo. Kutoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga barabara kuu ina lami, na juu ya lami hiyo hatuna malalamiko mengi. Lakini kahawa haioti kando ya lami. Kahawa iko vilimani, na vituo vya kuoshea kahawa viko mabondeni karibu na maji. Kati ya kilima na bonde kuna njia ya udongo mwekundu, na mvua ya saa moja inatosha kuigeuza njia hiyo ikateleza kama sabuni.

Mavuno ya kahawa huanza kati ya Machi na Aprili, mvua ingali kali. Kahawa mbivu haingoji. Ikichumwa asubuhi inatakiwa iingie mashineni siku ile ile, la sivyo inaanza kuchacha na bei yake inaanguka. Ndipo amri inapomfikia dereva: "Nenda tu, gari lako lina magurudumu manne." Gari likirudi salama, sifa ni za gari. Likivunjika, kosa ni la dereva na mshahara wake unakatwa. Jambo hili tunalikataa, na tunataka kila mfanyakazi ajue kwa nini tunalikataa.

Tuanze na mashine yenyewe, maana asiyekijua chombo chake hawezi kujitetea mbele ya mwajiri. Magari mengi tunayopewa, kama vile Land Cruiser na Hilux za kazi, hayasukumwi na magurudumu manne wakati wote. Siku za kawaida yanasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ya mbele huingizwa kazini kwa mkono mdogo wa gia ulio kando ya ule mkubwa. Alama ya 2H ni magurudumu mawili. 4H ni manne kwa mwendo wa kawaida, kwa matope na utelezi. 4L ni manne kwa mwendo wa polepole na nguvu nyingi, kwa mlima mkali au tope zito. Katika magari mengi ya aina hii, hasa ya zamani, lazima pia dereva ashuke na kuzungusha vifungo vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, kutoka FREE hadi LOCK. Asipovifunga, magurudumu ya mbele hayavuti. Akiingiza 4L hali vifungo viko wazi, nguvu yote inaangukia ekseli ya nyuma na inaweza kuivunja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mabwana wengi wa ofisini hawalijui. Gari likiwa katika 4H au 4L, propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja na huzunguka sawasawa. Lakini kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope hakuna neno, kwa sababu tairi huteleza kidogo na mkazo unatoka. Kwenye lami kavu tairi linashika, na mkazo unabaki ndani ya vyuma. Usukani unakuwa mzito, matairi yanalika, mkono wa gia unagoma kutoka, na mwishowe difu au giaboksi inapasuka. Kwa hiyo dereva anayetoka kilimani na kuingia barabara ya Muyinga hana budi kurudisha 2H. Dereva aliyepewa funguo bila mafunzo, akaamriwa aache magurudumu manne kutwa "kwa usalama", ataharibu gari bila kujua. Je, kosa hilo ni la nani? Sisi tunasema ni la aliyempa kazi bila kumfundisha.

Liko na jambo kubwa zaidi. Magurudumu manne yanasaidia gari kuondoka na kupanda. Hayalisaidii kusimama upesi. Gari la magurudumu mawili nalo lina breki kwenye magurudumu yote manne, na juu ya utelezi tairi lisiloshika ardhi halishiki, liwe linasukumwa au halisukumwi. Wenzetu wa Ulaya hupata taabu hiyo hiyo wakati wa baridi juu ya theluji na barafu: gari linaondoka vizuri, dereva anapata moyo, anaongeza mwendo, kisha kwenye mteremko hana njia ya kulizuia. Dawa yake ni ile ile huko na hapa. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, acha injini ilishike gari, usikanyage klachi, usibane breki kwa ghafla. Na tairi lililolika hadi likawa laini halitafaa kitu hata uingize gia gani.

Waajiri wana hoja yao, nasi tunaijibu. Wanasema kahawa ikichacha hasara ni ya wote, hata ya mkulima. Hiyo ni kweli, na mkulima huyo ni baba yetu, ni dada yetu; hatumpigi vita. Lakini mvua za Aprili si mgeni aliyebisha hodi usiku. Zinajulikana tangu babu zetu. Mwenye kituo angeweza kukusanya kahawa mapema mchana kabla mawingu hayajafunga, kuwalipa watu wazibue mitaro ya njia mwezi Februari, na kununua matairi kabla ya msimu. Akiacha yote hayo ili apunguze gharama, basi gharama hiyo imehamia mgongoni mwa dereva, utingo na vibarua waliokaa juu ya magunia.

Wengine wanasema madereva nao wana makosa, wanaonyesha ubingwa na kukimbia. Wako wa namna hiyo, na chama hakiwatetei kwa uzembe. Lakini mzembe atajulikana vipi mahali ambapo hakuna aliyefundishwa, wala daftari la gari, wala fundi wa kulikagua?

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1981 Mkataba namba 155 juu ya usalama kazini. Mkataba huo unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake asiadhibiwe isivyo halali. Unasema pia kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Basi mnyororo wa matairi, kamba ya kuvutia, jembe na mbao ni mali ya kazi, si vitu vya kununuliwa na dereva kwa faranga zake.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa matawi ya Gitega na Muyinga wayapeleke mbele ya waajiri madai haya kabla ya msimu:

Kwanza, kila dereva afundishwe gia ya magurudumu manne, kwa vitendo, katika saa za kazi zenye malipo.

Pili, matairi, breki na vifungo vya magurudumu vikaguliwe na fundi kila juma wakati wa masika, na ukaguzi uandikwe.

Tatu, watu wasipakiwe juu ya magunia. Watu wana safari yao na mizigo ina safari yake.

Nne, dereva akisema njia haipitiki, neno lake lipokelewe, na siku hiyo asipoteze mshahara.

Tano, mshahara usikatwe kwa chuma kilichovunjika mpaka sababu ichunguzwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi.

Dai la nne ndilo litakalopingwa zaidi, na ndilo tusilopaswa kuliachia. Dereva mmoja akisimama peke yake kilimani, ataitwa mvivu na kesho atapewa mwingine funguo zake. Tukikubaliana sote kwamba hakuna atakayezipokea funguo hizo, mwajiri atalazimika kuja kuitazama njia kwa macho yake.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.