Sabuni Iwepo Kwanza
Mtoto wa darasa la pili anaweza kukutajia hatua zote za kunawa mikono, kisha akatoka chooni akaenda moja kwa moja kwenye foleni ya uji, kwa sababu ndoo ni tupu na sabuni imefungiwa ofisini. Kosa si lake, ni letu wazazi na walimu. Kibuyu chirizi hakihitaji mfadhili: dumu la lita 5 lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia na sabuni ya kuning'iniza, maji yanatiririka bila mtoto kushika dumu. Kipindupindu na minyoo havisubiri Oktoba 15, Siku ya Kunawa Mikono Duniani. Kamati za shule, sabuni iingie kwenye bajeti pamoja na chaki, muhula huu huu.