MIJI YETU INAPANGWA, WAISLAMU TUKO WAPI?

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Karagwe na Kyerwa za leo si zile za miaka ishirini iliyopita. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu zaidi ya 420,000 katika Karagwe moja iliyokuwa bado haijagawanywa. Miaka kumi baadaye, katika mwaka ule ule ambao Kyerwa ilitangazwa kuwa wilaya, sensa ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka. Tumebanwa kati ya Mto Kagera na mapori ambayo mwaka 2019 yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa. Na wakati huo huo Kayanga, Omurushaka, Nyaishozi, Nkwenda, Isingiro, Rubwera na Murongo zinapanuka na kuvimeza vibanja vya migomba na kahawa tulivyorithi kwa wazee wetu.

Swali ni hili: ni nani anayeamua mji uelekee wapi, barabara ipite wapi, soko likae wapi, na mnyonge ajenge wapi? Na je, katika kuamua huko, sisi waumini tumo?

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba hayo ni mambo ya dunia, na msikiti una kazi yake. Kauli hii haina mashiko. Allah (s.w.), katika Surat Ash-Shura, aya ya 38, amewasifu waumini kwa kusimamisha sala, kutoa katika alivyowaruzuku, na kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Mashauriano yametajwa baina ya sala na utoaji. Ni nani basi aliyetupa ruhusa ya kuyatenga? Mtume (s.a.w.) ametufundisha hata upana wa njia: watu wakihitilafiana juu yake, iachwe dhiraa saba. Naye ameonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi, ijapokuwa shubiri moja, atavishwa ardhi saba shingoni Siku ya Kiama. Dini inayopima njia kwa dhiraa na dhuluma kwa shubiri haiwezi kuwa ngeni katika mambo ya viwanja.

Tuangalie sasa jinsi mambo yanavyokwenda. Eneo la kijiji likitangazwa kuwa eneo la mipango miji, ardhi ile huondoka chini ya taratibu za kijiji. Kibanja kilichomtosha mtu kukilima, kujenga na kuzikia wazazi wake kinakuwa viwanja. Ili abaki pale alipo kihalali, huyo mwenye kibanja anatakiwa kuchangia upimaji, kulipia hati, na kisha kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Mwenye fedha huyaona hayo kuwa ni baraka, kwani thamani ya mali yake imepanda. Mjane, yatima na kijana anayeishi kwa kibarua huyaona kuwa ni mlango wa kutokea. Huuza kwa bei ya shamba, na mnunuzi huja kuuza kwa bei ya kiwanja. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo kodi ya nyumba inayowaumiza wapangaji.

Tena ramani yenyewe huamua nani atakaa mjini. Wataalamu wakichora viwanja vingi vya ujazo mdogo, yaani vikubwa vya wenye uwezo, na vichache vya ujazo mkubwa, yaani vidogo vya watu wa kawaida, basi masikini amekwisha kufukuzwa kwa kalamu kabla hajafukuzwa na mtu. Kwa Muislamu jambo hili lina uzito zaidi. Mwenzake asiyejali hukimbilia benki akachukua mkopo wa nyumba wenye riba. Muislamu anayemcha Mola wake hana njia hiyo. Njia yake ni kununua kiwanja kwa fedha taslimu na kujenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, bati kwa bati. Kiwanja kikipanda bei kupita uwezo wake, amefungiwa njia ya halali. Je, hilo nalo ni jambo la dunia tu?

Wala tusidhani kwamba sheria imetunyima nafasi. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji itangaze kusudio lake, iwaite wenye ardhi, taasisi na jumuiya za eneo husika katika mkutano, na iiweke rasimu ya mpango hadharani ili watu watoe pingamizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti katika ugawaji na uhamishaji wa ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo imeweka msingi kwamba anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na bila kucheleweshwa. Haki hizi zipo katika karatasi. Lakini mara ngapi ushirikishwaji huo umegeuzwa kuwa karatasi ya mahudhurio, ambapo watu husaini kwanza na kuonyeshwa ramani iliyokwisha kukamilika baadaye?

Mfano wa barabara unatutosha. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Nchi nzima watu waliamka wakakuta alama ya X ukutani: ya kijani kwa wanaostahiki fidia, na nyekundu kwa wanaohesabiwa kuwa wamevamia. Wengi walianza kuuliza maswali siku rangi ilipopakwa, wakati hukumu ilikwisha kupita zamani.

Na atakayesema kwamba mtawala akitaka jambo la kheri hana haja ya kumuuliza mwananchi, na aisome sira ya masahaba. Imepokewa kwamba Umar bin Al-Khattab (r.a.) alitaka kuupanua Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, na nyumba ya Abbas (r.a.) ilikuwa njiani. Alimtaka auze, au ajengewe kwingine, au aitoe sadaka. Abbas alikataa yote matatu. Khalifa hakutuma watu wa kubomoa. Wawili hao walikwenda kwa Ubayy bin Ka'b (r.a.) awaamue, naye akamhukumia Abbas dhidi ya Amirul Muuminina. Ilipothibiti haki yake, ndipo Abbas akaitoa nyumba ile kwa hiari kwa ajili ya Waislamu. Ikiwa kwa ajili ya Msikiti wa Mtume haki ya mtu mmoja haikuvunjwa, itavunjwaje kwa ajili ya stendi ya mabasi?

Hata hivyo, insafu inatutaka tujiseme na sisi wenyewe. Wapo ndugu zetu wanaosali safu ya mbele ambao hununua vibanja vya wajane kwa bei ya kutupa, huku wakijua kwamba upimaji unakuja. Wapo wenye nyumba wanaomdai mpangaji kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ilhali wanajua kwamba yeye hupata riziki yake siku kwa siku. Wazee wa mkoa huu wanaukumbuka mfumo wa nyarubanja, ambapo mtu alilima ardhi aliyoizoea kama yake na kumlipa bwana wake. Sheria za mwaka 1965 na 1968 ziliuondoa. Tusiurudishe kwa jina la upangishaji.

Kwa hiyo tunazisihi jamaa zetu mambo manne. Kwanza, maimamu watangaze mikutano ya vijiji na vitongoji baada ya sala, kama wanavyotangaza mazishi. Pili, kila msikiti uteue waumini wawili au watatu, wakiwemo akina mama, wahudhurie mikutano hiyo, waombe kuiona rasimu ya ramani na watoe pingamizi kwa maandishi. Tatu, halmashauri ziombwe zisiweke mikutano hiyo mchana wa Ijumaa, na maelezo yatolewe kwa lugha ambayo mzee wa kijijini anaielewa. Nne, kamati za misikiti zikamilishe hati za ardhi za waqfu sasa, kabla mpima hajafika.

Ndugu Waislamu, mpango wa mji hudumu kuliko aliyeuchora. Tukinyamaza leo, watoto wetu watakuwa wapangaji katika ardhi waliyozikwa babu zao, na kesho mbele ya Allah tutaulizwa juu ya ulimi tulioufunga pale ulipohitajika.

Wabillahi tawfiq.