Ajali haina kinga?

Kila msiba unapotokea ziwani, sisi wakazi wa Kisumu hufarijiana kwa methali: ajali haina kinga. Kwangu mimi mwanaisimu, neno hilo lina mtego. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya muda uliowekwa, hasa ule wa kufa. Tulitamkapo, tunamsukumia Mungu hesabu iliyo yetu.

Tuitazame MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waokoaji walipoitoboa meli iliyokwisha pinduka, hewa ilitoka, nayo ikazama na waliokuwa hai ndani. Mwaka 2018 MV Nyerere, chombo cha watu 101, ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara; zaidi ya watu 220 wakafa.

Abiria wasiohesabiwa, shehena isiyopimwa, ukaguzi wa juu juu, uokoaji usio na zana: kila kosa peke yake huonekana dogo, yakiungana huwa kaburi. Nasi huandika tu, "Chombo kilizama," kana kwamba chombo kilijiamulia.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kumtafuta mtenda katika sentensi. Nani alihesabu? Nani alipakia? Nani aliruhusu? Maswali hayo yaulizwe Mbita, Usenge na Dunga mashua ikingali ufuoni, abiria wakiwa hawajavaa jaketi za kuokolea maisha. Yakiulizwa matangani, yamechelewa.

Kinga ipo. Huanza kabla kamba haijafunguliwa.