Okestra Nayo Ina la Kusema

Ukizungumzia muziki wa filamu, Mbeya au Iringa, hukosi kuambiwa kwamba yale mafidla na matarumbeta yanayovuma nyuma ya picha ni makelele ya Wazungu: hayana maneno, kwa hiyo hayana ujumbe. Wimbo ni mashairi, wanasema, na ala zinazobaki ni za kujazia ukimya. Si hoja ya kipuuzi. Wanaoitoa wamelelewa na kwaya, na kwaya hupimwa kwanza kwa neno linaloimbwa. Hata hivyo haisimami.

Tuingie kwenye kibanda umiza cha Mwanjelwa au cha Kihesa. Filamu ya kigeni humo mara nyingi huja na msimuliaji wa Kiswahili, mtindo aliouvumisha DJ Lufufu, na sauti yake hufunika mazungumzo yote. Akinyamaza kuvuta pumzi, inayosikika ni okestra. Nyuzi nene zikianza kunguruma chini kwa chini, watu wanamwonya stelingi asifungue mlango. Nani kawatafsiria?

Wala ala tupu si ngeni nyanda hizi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na matarumbeta ya makanisa ni sehemu ya maisha hadi leo. Ukiyasikia kwa mbali unajua kama ni harusi au msiba kabla hujauona msafara. Mtu atajibu kwamba zile ni tenzi, maneno yake yako vichwani mwetu tayari. Sawa. Basi tuchukue muziki ambao haukuwa na maneno tangu mwanzo, wa filamu iliyopigwa nchini kwetu.

Filamu hiyo ni Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ikimwonyesha John Wayne na wenzake wakikamata wanyamapori upande wa Arusha. Muziki wake ni wa Henry Mancini. Katika kipande kiitwacho “The Sounds of Hatari”, midundo inatangulia kwa kunyata, na pembe za shaba zinachelewa makusudi. Kuchelewa huko ndiko kunakobana kifua. Zingeingia mapema, tungebaki kutazama magari yakikimbizana na kifaru. Kwa kuwa zimesubiri, tunaanza kumhofia dereva.

Kipande ninachokipenda zaidi ni kile cha ndama watatu wa tembo wakipelekwa kuoga na Dallas, mhusika wa Elsa Martinelli. Mancini alizitazama hatua zao, akaona zinakwenda na mwendo wa bugi, muziki wa piano wa Wamarekani Weusi. Akaanza na kinanda cha sarakasi, kisha klarineti nyembamba ikachukua wimbo. Wanyama ni wakubwa, sauti ni ndogo, na hapo ndipo kicheko kinapozaliwa. Bila kusema lolote, muziki umetuambia kwamba hawa ni watoto. Kipande hicho, “Baby Elephant Walk”, kikampa tuzo ya Grammy.

Mpinzani ana turufu moja bado: bugi si ngoma ya Tanganyika. Kweli, na hata marimba ya vidole na vibuyu ambavyo Hawks alimpa Mancini kutoka Afrika vilitumika kama viungo tu, mchuzi ukabaki wa Hollywood. Mwaka 1950 King Solomon's Mines ilikwenda njia nyingine: ikaachana na okestra, ikatumia muziki wa Kiafrika uliorekodiwa. Lakini hapo hoja imeshabadilika. Kuuliza muziki ni wa nani ni swali la haki. Halithibitishi kwamba muziki huo hausemi kitu. Tena anayelalamika kwamba okestra imeisema nchi yetu vibaya amekwisha kukiri kwamba inasema.

Dhana hii ina gharama. Mtengeneza filamu anayeamini kwamba ala ni za kujazia ukimya hutandika kinanda kimoja kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho, kwenye kilio na kwenye mapenzi sawasawa, na mtazamaji huacha kusikiliza. Wapuliza matarumbeta wapo Tukuyu, wapo Iringa mjini. Wanne tu, wakiambiwa wanyamaze mpaka dakika inayowahitaji, wangeipa filamu ya huku kitu ambacho kinanda kisichopumzika hakiwezi kuipa.